Ngome Isiyo na Mawe: Dufile ya Mto Nile na Tatizo la Kuieleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya Dufile, ngome ya udongo iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Nile kaskazini mwa Uganda, pamoja na vivutio vyake. Yanadai kwamba ugumu wa kuihifadhi na kuitangaza ngome hii unatokana, kwa sehemu kubwa, na namna inavyoelezwa. Neno ngome humfanya msomaji wa Kiswahili atafute mawe yasiyokuwepo, na masimulizi yaliyozoeleka humfanya amtafute Pasha mmoja mahali palipojengwa, kulindwa na kulishwa na maelfu ya watu. Makala yanapendekeza istilahi na mpangilio wa maelezo unaofaa mahali penyewe, na yanaonyesha kwa nini uchaguzi wa lugha ya maelezo hayo una uzito wa kisera.

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili akitajiwa ngome huona ukuta. Huona Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, au Ngome Kongwe ya Unguja, au lile jengo la Kilwa Kisiwani ambalo hadi leo linaitwa Gereza. Katika zote kuna jiwe la matumbawe na chokaa, kuna lango la kuingilia na mahali pa kusimama mlinzi. Hata bila mwongozaji, mgeni hujua kwamba amefika.

Dufile haina hata kimoja kati ya hivyo. Anayefika hapo, katika Wilaya ya Moyo, hukuta ardhi ya nyasi na vichaka inayoteremka kuelekea majini. Asipoonyeshwa, anaweza kulipanda tuta la ngome na kulishuka upande wa pili akidhani amevuka mwinuko wa kawaida. Hata hivyo mahali hapa, kwa muda usiofika miaka ishirini, palikuwa bandari ya meli za mvuke za Jimbo la Ekwatoria, palikuwa kifungo cha gavana wa jimbo hilohilo, na palikuwa uwanja wa pigano ambalo wazao wa waliolipigana wametawanyika leo kutoka Bombo hadi Kibera.

Wasifu wa Emin Pasha umeandikwa mara nyingi, tena kwa lugha nyingi, na hakuna haja ya kuurudia hapa. Swali linaloshughulikiwa ni jingine: kwa nini mahali penye historia nzito namna hii ni vigumu kuonekana, na Kiswahili, ambacho sasa kimepewa nafasi rasmi nchini Uganda, kinaweza kufanya nini ili paonekane?

Mahali ambapo mto unaruhusu meli

Dufile haiwezi kueleweka bila kuutazama mto. Nile inayotoka Ziwa Albert huja polepole, ikiwa pana, yenye mafunjo pembeni na visiwa vya majani vinavyoelea. Karibu na Nimule, mahali ambapo leo pana mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, mto hubadilika tabia. Hupinda kuelekea kaskazini-magharibi, hubanwa na miamba, na kwenye maporomoko ya Fola maji hupita kwa kishindo katika njia nyembamba ambayo chombo hakiwezi kupita. Kuanzia hapo hadi karibu na Rejaf, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, maporomoko hufuatana. Wenye lugha ya Kiarabu wa Sudan huuita mto huo, ukishavuka mpaka, Bahr el Jebel, yaani mto wa mlima. Inafaa kukumbuka kwamba bahr hilo ndilo bahari ya Kiswahili: neno lilelile lilifika pwani likataja maji ya chumvi, na likafika bara kwa njia ya Khartoum likataja mto.

Kwa serikali ya Misri, iliyokuwa ikitanua himaya yake kuelekea Maziwa Makuu katika miaka ya 1870, hali hii ya mto ilikuwa na maana moja ya kivitendo. Shehena ya Khartoum ingeweza kupanda kwa maji hadi chini ya maporomoko, kisha ingelazimika kubebwa nchi kavu, halafu ingerudi majini mahali ambapo mto unatulia tena. Mahali hapo ndipo Dufile. Charles Gordon, aliyekuwa gavana wa Ekwatoria kuanzia 1874, alipachagua jirani pawe kituo cha kuunganishia meli. Machi 1876 Romolo Gessi aliondoka hapo na mashua mbili za chuma, akalizunguka Ziwa Albert na kuthibitisha uhusiano wa ziwa hilo na mto. Baadaye meli za mvuke Khedive na Nyanza zikawa zinafanya safari kati ya Dufile na ziwa.

Vitabu vingi husema kwamba Gordon alizipeleka meli hizo juu ya maporomoko. Ni sentensi fupi, na mtenda wake ni mmoja. Kilichotokea ni kwamba meli zilifunguliwa vipande, na vipande hivyo, pamoja na sehemu za injini, vikavutwa na kubebwa na watu katika nchi ya vilima, joto na mito midogo isiyo na madaraja. Wapagazi walitoka katika jamii za njiani, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Hapa sarufi inafanya kazi ya siasa: kitenzi kinampa sifa aliyeamuru na kumfuta aliyebeba. Mwandishi wa maelezo ya Kiswahili anayo kauli ya kutendwa, na anayo pia nafasi ya kumtaja mtenda halisi. Ni vyema aitumie.

Udongo badala ya jiwe

Emin, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, alizaliwa 1840 huko Oppeln katika Silesia, mji ambao sasa uko Poland. Alikuwa daktari. Alifika Khartoum 1875, akaingia katika utumishi wa Gordon, na 1878 akateuliwa kuwa gavana wa Ekwatoria. Ngome ya Dufile ambayo mabaki yake yanaonekana leo hunasibishwa na mwaka 1879, katika utawala wake.

Ujenzi wake ulikuwa rahisi kueleza na mzito kutekeleza. Handaki lilichimbwa kuzunguka pande tatu za kituo, na udongo uliotoka humo ukarushwa ndani ukawa tuta refu. Upande wa nne ulilindwa na mto wenyewe. Ndani kulikuwa na nyumba za udongo na za nyasi, maghala ya nafaka na pembe za ndovu, ofisi, makazi ya maofisa na familia zao, na gati ya meli. Mtu anayepima ngome kwa ukuta wa Mombasa anaweza kuiona kazi hii kuwa duni. Sivyo. Adui aliyetarajiwa hapa alikuwa na mikuki na bunduki, na dhidi ya risasi udongo hufanya kazi vizuri kuliko jiwe, maana huimeza bila kupasuka. Chokaa haikupatikana, na mafundi wa mawe hawakuwepo. Udongo ulikuwa chini ya miguu.

Wala wageni hawakuwa wa kwanza kufikiri hivyo katika nchi hizi. Ukingoni mwa Mto Katonga, magharibi mwa Uganda, yapo mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, yenye jumla ya urefu wa zaidi ya kilomita 10, yaliyochimbwa karne kadhaa kabla ya Mmisri yeyote kufika. Merrick Posnansky aliyachunguza kiakiolojia 1960, na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuongoza uchunguzi wa Dufile mwanzoni mwa karne hii. Jina Bigo lenyewe lina faida kwa mada yetu. Ni wingi wa kigo, boma lililozungushiwa kinga. Katika Kiganda cha leo ekigo ni parokia ya Wakatoliki. Neno limehama kutoka kwa shujaa hadi kwa padri bila kuacha maana ya mahali palipozungushiwa.

Maneno ya Kiswahili yana safari kama hiyo. Gereza lilitoka Kireno, na asili yake hutajwa kuwa neno la kanisa. Kilwa linataja ngome, na katika matumizi ya kila siku linataja mahali pa wafungwa. Boma, kwa Mtanzania, ni ofisi ya serikali ya wilaya kabla ya kuwa ua wa miti. Handaki ni Kiarabu khandaq, na bila shaka ndilo neno lililotamkwa na maofisa wa Dufile walipotoa amri ya kuchimba. Tuta, kwa upande mwingine, ni neno la mkulima. Ni tuta la viazi au la mihogo. Na hapo ndipo penye hatari. Tuta la ngome likiitwa tuta tu, bila maelezo, anayetafuta mahali pa kulima hana sababu ya kulihurumia. Ukuta wa jiwe ukibomoka, mawe hubaki yakitoa ushahidi. Tuta la udongo likisawazishwa kwa trekta asubuhi moja, jioni halipo, na handaki lililojazwa halichimbuki tena likawa lilelile. Mto nao una desturi yake ya kula kingo.

Mwaka 1888

Khartoum ilianguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi Januari 1885, na Ekwatoria ikakatika na Misri. Emin alihamishia makao yake Wadelai, kusini zaidi kwenye mto huohuo. Kwa miaka mitatu vituo vya Nile vilijilisha vyenyewe. Pamba ililimwa na nguo zikafumwa humohumo. Mishahara haikufika. Ng'ombe na nafaka vilitoka kwa majirani, mara nyingi kwa nguvu, jambo ambalo kumbukumbu za Wazungu hulitaja kwa mkato, na ambalo kwa Wamadi wa kando ya mto lilikuwa ndilo maana yenyewe ya kuishi karibu na ngome.

Msafara wa Henry Morton Stanley, ambao ulikuwa na mamia ya Waswahili kutoka Zanzibar, ulimfikia Emin kwenye Ziwa Albert Aprili 1888. Stanley alirudi msituni kuwafuata watu wake wa nyuma, akamwacha ofisa wake, A. J. Mounteney Jephson, azunguke na Emin vituoni kuwauliza askari kama wanataka kuondoka kwa njia ya Zanzibar. Askari wengi hawakuiamini habari hiyo. Njia ya kwenda Misri waliyoijua ilikuwa ya kaskazini, kwa mto. Mgeni aliyevaa matambara, akija kutoka kusini na kusema kwamba ametumwa na Khedivi, hakuwa rahisi kusadikiwa. Agosti 1888 Emin na Jephson walipofika Dufile walikamatwa na maofisa waasi, wakafungwa humo kwa karibu miezi mitatu. Gavana alikuwa mfungwa ndani ya handaki lililochimbwa wakati wa utawala wake.

Oktoba mwaka huohuo jeshi la Mahdi likiongozwa na Omar Saleh lilifika kutoka kaskazini na kuiteka Rejaf. Hofu iliwafanya maofisa wamwachie Emin apelekwe Wadelai katikati ya Novemba. Siku chache baadaye Dufile ilishambuliwa. Mapigano yalikuwa makali, na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Katika masimulizi mengi tukio hili huingizwa katika sura ya Emin. Lakini Emin hakuwepo. Walioilinda ngome, akiwemo Selim Bey, walikuwa askari na maofisa walewale walioitwa waasi, wakiwa na wake zao na watoto wao ndani ya tuta. Kama Dufile ina saa yake ya ushujaa, basi ni ya watu ambao hawakuandika kitabu. Baada ya hapo kikosi kiliondoka, na kituo kikaachwa.

Emin na Stanley waliwasili Bagamoyo Desemba 1889. Selim Bey na wenzake walibaki nyuma, wakasogea hadi nchi ya Kavalli karibu na Ziwa Albert.

Bendera nyingi, ukingo mmoja

Yaliyofuata yanaweza kuelezwa kwa haraka. Kwa makubaliano ya 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo la Lado, na Dufile ikiwemo. Majeshi ya Dola Huru ya Congo yaliishika tena ngome kuanzia 1902 hadi 1907. Leopold alipofariki 1909, eneo hilo likarejeshwa Sudan 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda 1914. Mzee wa Kimadi aliyezaliwa wakati wa Gordon angeweza kufa akiwa amehesabiwa chini ya Misri, Congo, Sudan na Uganda bila kuhama kijiji. Kwa watafiti wa nchi jirani hili si jambo la pembeni: nyaraka za mahali pamoja zimegawanyika kwa lugha za wakoloni waliopita, na hakuna nchi moja inayoweza kuisimulia Dufile peke yake.

Lugha iliyotoka ngomeni

Mwaka 1891 Frederick Lugard, akitafuta askari wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alimfuata Selim Bey huko Kavalli. Waliotoka naye kuja Uganda walikuwa maelfu, ingawa askari wenyewe walikuwa mamia tu. Waliobaki walikuwa wanawake, watoto, watumwa na wafuasi. Selim Bey mwenyewe alikamatwa 1893 katika mzozo na wakuu wake wapya, akafia njiani kuelekea pwani. Watu wake waliingizwa katika majeshi ya Waingereza, na baada ya 1902 katika kikosi cha KAR, ambacho Waswahili walikiita Keya. Wakapewa makazi Bombo, karibu na Kampala, na Nairobi wakapewa msitu wa pembeni mwa mji. Katika lugha yao msitu ni kibra, na ndiyo asili ya jina Kibera.

Lugha hiyo ni Kinubi. Wanaisimu, kuanzia Bernd Heine aliyechapisha maelezo ya Kinubi cha Kibera 1982, wanakubaliana kwamba ni krioli yenye msamiati wa Kiarabu, iliyokomaa katika kambi na vituo vya kijeshi vya Sudan ya kusini. Askari walitoka jamii nyingi za Nile na za magharibi yake, na wake zao kadhalika. Kiarabu cha amri kilikuwa ndicho pekee walichoshirikiana. Watoto wao walikizaliwa nacho, wakakifanya lugha kamili yenye kanuni zake. Kitenzi cha Kiarabu chenye sura nyingi kikabaki na sura moja, na wakati ukaonyeshwa kwa viambishi: ana gi-rua ni ninakwenda, ana bi-rua ni nitakwenda. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea -na- na -ta-, huelewa utaratibu huo upesi kuliko Mwarabu wa Cairo.

Dufile haikuwa kambi pekee iliyokizaa Kinubi. Lado, Rejaf, Wadelai na nyinginezo zilihusika, na kudai kwamba lugha ilizaliwa ndani ya tuta hili moja kungekuwa kutia chumvi. Lakini ni miongoni mwa vitalu vyake vichache ambavyo umbo lake lingali linaonekana juu ya ardhi. Hili ndilo jambo ambalo mkutano wa lugha hauwezi kulipita. Makumbusho mengi huonyesha silaha na vyungu. Hapa kuna nafasi adimu ya kuonyesha mazingira yaliyoifinyanga lugha: watu wa lugha mbalimbali waliokaa pamoja kwa muda mrefu, ndani ya kinga, wakiwa wamekatika na nchi waliyodaiwa kuitumikia.

Kuna uhusiano mwingine, usiopendeza sana, kati ya ngome hii na Kiswahili. Wanubi walikuwa nguzo ya majeshi ya mwanzo ya Uganda, na Kiswahili kikawa lugha ya majeshi hayo. Gavana William Gowers alipopendekeza 1927 kukiendeleza katika elimu na utawala, alikutana na upinzani mkubwa, hasa Buganda, na mwaka 1952 kikaondolewa katika mpango wa lugha zinazotambuliwa shuleni. Amri ya 1973 ya kukifanya lugha ya taifa ilitolewa na utawala wa kijeshi, na haikukisafisha jina. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji. Kwa hiyo kukisimika Kiswahili Dufile, mbele ya handaki la askari, si jambo lisilo na historia. Mshauri wa sera anayelisahau hili atashangaa kwa nini bango lake halikupokewa kwa furaha.

Mgeni aonyeshwe nini

Kivutio cha kwanza ni mto, na hakihitaji kupambwa. Njia nzuri ya kufika kutoka mashariki ni kwa kivuko cha Laropi, ambapo mgeni huona mwenyewe upana na utulivu wa maji. Akishafika ngomeni na kuambiwa kwamba kaskazini kidogo mto huohuo unaanguka kwenye miamba, ataelewa kwa nini ngome iko hapa na si kwingine. Milima ya upande wa Metu na Otzi humkamilishia picha. Ingekuwa bora zaidi kama Dufile na maporomoko ya Fola, yaliyo katika Hifadhi ya Nimule upande wa Sudan Kusini, yangeelezwa kama mahali pamoja penye mlango kila nchi. Kitu kimoja hakielezeki bila kingine.

Cha pili ni handaki na tuta vyenyewe, navyo vina masharti. Udongo huonekana vizuri asubuhi na jioni, jua likiwa chini na kivuli kirefu. Saa sita mchana hakuna kinachoonekana. Huonekana zaidi nyasi zikiwa fupi. Mwongozaji anayejua mambo haya mawili ana thamani kuliko kijitabu cha rangi. Mgeni atembezwe ndani ya handaki, kisha apande tuta, ili ahisi kwa miguu tofauti ya kimo ambayo mshambuliaji wa Novemba 1888 aliihisi. Asitembezwe kila siku kwenye njia moja, maana nyayo nazo huchimba.

Cha tatu ni watu. Wamadi wanayo masimulizi yao ya ngome, na lugha yao, Kimadi, inazungumzwa pande zote mbili za mpaka. Wanubi wa Uganda, ambao katiba ya 1995 iliwaorodhesha miongoni mwa jamii za nchi, na wale wa Kenya, wanayo yao. Masimulizi hayo hayatalingana. Kwa wa kwanza ngome ni mahali palipochukua nafaka na vijana; kwa wa pili ni mahali ambapo mababu walijitetea. Kuyalinganisha kwa nguvu kutayaharibu yote. Yarekodiwe kila moja katika lugha yake kabla ya tafsiri.

Maneno ya bangoni

Katika istilahi, yafuatayo yanapendekezwa. Neno ngome libaki, kwa kuwa ndilo litakalomleta mgeni, lakini lisitumike peke yake. Liwe ngome ya udongo. Handaki litumike kwa mfereji wa ulinzi. Kwa mwinuko wa ndani, tuta la ulinzi linafaa kuliko ukuta, ambalo ni uongo, na kuliko tuta tupu, ambalo humwita mkulima. Kituo litumike kwa maisha ya kila siku ya mahali hapo, kwa sababu wakazi wengi hawakuwa askari. Boma liepukwe, kwa kuwa nchi jirani zinalielewa kwa namna zisizolingana. Neno waasi litumike kwa kumtaja aliyewaita hivyo.

Mpangilio wa lugha nao una maana. Kimadi kitangulie, kwa sababu ardhi ni ya wenye lugha hiyo. Kiswahili na Kiingereza vifuate. Mistari michache ya Kinubi iwepo, hata kama anayeisoma ni mgeni mmoja kwa mwezi kutoka Bombo. Maelezo ya Kiswahili yaandikwe upya, yasitafsiriwe kutoka Kiingereza. Yanaweza kuwa mafupi kama haya:

"Umesimama juu ya tuta la ulinzi la Dufile. Lilijengwa kwa udongo wa handaki lililo mbele yako, na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Nyuma yako mto unaruhusu meli hadi Ziwa Albert. Kaskazini miamba inazizuia. Mwaka 1888 askari wa kituo hiki walimfunga gavana wao hapa, kisha, yeye akiwa hayupo, wakakilinda kituo dhidi ya jeshi lililotoka kaskazini. Wazao wao wanazungumza Kinubi. Wenyeji wa ukingo huu ni Wamadi. Tafadhali usilime wala kuchimba."

Bango hilo lisiwekwe barabarani wala mahali magari yanapoegeshwa. Liwekwe juu ya tuta, likitazama handaki, ili anayelisoma awe tayari amelipanda.